Mchicha Uliokubali na Maharage Yaliyokataa

Kila asubuhi, kabla jua halijafika kwenye mawe ya mlimani Pasiansi, Kija alikuwa ameshapanda kutoka ziwani na ndoo ya tatu kichwani. Ndoo mbili za kwanza zilikuwa za nyumbani. Ya tatu ilikuwa ya bustani. Aliitua, akashika kiuno, akasimama kidogo. Kisha alianza kumwagilia mchicha kwa kopo lenye matundu.

Kija alikuwa amechoka. Uchovu wake ulikuwa wa miaka, na mwenye uchovu wa namna hiyo hata akilala anaamka nao.

Mwaka ulikuwa 1995, wakati wa ruksa. Ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa kufungua duka barazani kwako. Nyumbani kwa Kija ruksa ilikuwa imeingia miaka michache nyuma, kwa barua. Mume wake, Ndalahwa, alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha nguo. Kiwanda kilipunguza watu, naye akawa mmoja wao. Alirudi nyumbani saa nne asubuhi, saa ambayo mke wake hakuzoea kumwona, akakaa kwenye kigoda bila kuvua viatu.

Watoto wao wakubwa wawili walikuwa Misungwi kwa bibi yao. Nyumbani alibaki Paskazia, mwenye miaka saba, mwanafunzi wa darasa la kwanza.

Ndalahwa hakuwa mvivu. Wakati huo viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinafunguliwa kando ya ziwa, na kila mwenye mtumbwi alitaka nyavu. Wavu unahitaji vitu vizito vya kuuzamisha. Basi Ndalahwa alikwenda kwenye gereji za Mabatini, akakusanya betri kuukuu za magari. Alizivunja kwa nyundo nyuma ya nyumba. Alitoa risasi iliyokuwa ndani, akaiyeyusha kwenye sufuria juu ya mkaa. Risasi ninayoisema hapa si ya bunduki. Ni madini, yale mazito ya kijivu. Aliyamimina kwenye vishimo vya mchanga, yakapoa, yakawa vipande vya kufunga chini ya wavu.

Kazi hiyo aliifanya miaka miwili. Wavuvi wa Pasiansi walimjua. Halafu wakaja watu wenye karakana kubwa, wateja wakahamia huko. Kifua cha Ndalahwa nacho kilikuwa kimechoka na moshi. Akaacha. Nyuma ya nyumba palibaki uwanja mweusi.

Sasa sikiliza kosa lilipoanzia. Kija alizaliwa Misungwi, katika kaya ya wafugaji. Kwa Wasukuma, zizi likihamishwa au kaya ikihama, mahali pale hapaachwi bure. Ndipo yanapopandwa mahindi ya kwanza na mboga za nyumbani, kwa sababu udongo una samadi na jivu la miaka mingi. Udongo huo huwa mweusi. Mtoto wa Misungwi anajua jambo hilo kabla ya kujua kuhesabu. Kija alipoutazama ule uwanja mweusi, hakuona haja ya kumwuliza mtu. Alichukua jembe.

Msimu wa kwanza alipanda mahindi, maharage na mchicha. Mahindi yalifika magotini, majani yakawa na rangi ya zambarau, yakaishia hapo. Maharage yaliota, yakawa ya njano, yakadumaa. Lakini mchicha ulistawi. Ulikuwa na majani mapana, laini, ya kijani kibichi. Msimu wa pili ukawa vilevile.

Kija alisema ardhi imechagua. Majirani walipita, wakatazama, wakasema mchicha wako umekubali. Basi aling'oa mahindi, akajaza matuta ya mchicha mpaka ukutani. Mwingine waliula wenyewe kwa ugali, mchana na jioni. Mwingine aliufunga mafungu, akauza mlangoni.

Mteja wake mkubwa alikuwa Evelina, fundi cherehani wa nyumba ya pili. Evelina alikuwa kijana, mwenye mimba ya kwanza. Kliniki walimwambia damu yake ni kidogo, ale mboga za majani kwa wingi. Kila jioni alikuja na bakuli lake, akamwamkia Kija, akachagua fungu lililo bichi zaidi. Kija alimpenda, na mara nyingi alimwongezea majani.

Mwaka ulipofika katikati, Paskazia alianza kulalamika tumbo. Lilimkata asubuhi, likatulia, likamkata tena jioni. Siku tatu zilipita bila kupata choo. Alikuwa mtoto wa kuruka kamba, sasa akawa mtoto wa kukaa. Mwalimu wake alimwita Kija, akamweleza kwamba mtoto husahau leo alichosoma jana, na wakati mwingine anatazama tu.

Kija alimpeleka zahanati. Wakampa dawa ya malaria. Wiki mbili baadaye wakampa dawa ya minyoo. Mara ya tatu mganga alimfunua mtoto macho, akaona weupe. Akasema huyu hana damu ya kutosha, apewe mboga za majani na maharage.

Kija alirudi nyumbani akamwongezea mwanawe mchicha. Ninaliandika jambo hili kwa moyo mzito, maana hakuna mama anayefanya hivyo kwa ubaya. Alichuma majani yaliyonona kuliko yote, akayapika vizuri, akakaa pembeni ya mtoto mpaka amalize sahani.

Maharage nayo aliyapanda kwa mara ya tatu, kwa sababu mganga alisema maharage. Yakaota. Yakawa ya njano. Hapo Kija alikaa chini kando ya tuta akalia kidogo, akajifuta kwa kanga, akaenda kumtafuta bibi shamba.

Bibi shamba wa kata aliitwa Adoyo. Alikuwa Mjaluo wa Mara, mwanamke mtu mzima aliyebakiza miaka michache kustaafu. Wenzake wawili walikuwa wamepunguzwa kazini, kwa hiyo kata nzima ilikuwa juu ya miguu yake. Nasema miguu kwa sababu baiskeli ya kazi ilikuwa haina matairi. Kija alimkuta amekwenda mbali, akaacha ujumbe. Adoyo alikuja siku ya tatu, saa sita, vumbi limemfika magotini.

"Shikamoo, mama," Kija alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nipe maji kwanza. Matatizo yako yatanisubiri nimeze."

Alikunywa, akavua viatu, akavikung'uta. Kisha akaenda kwenye bustani. Hakuanza kwa maneno. Alichimba kwa kisu kuzunguka mche mmoja wa maharage, akautoa na udongo wake, akauosha mizizi kwenye ndoo. Akautazama kwa muda mrefu. Kisha akachimba tena palepale, chini zaidi. Kisu kiligonga kitu. Alitoa kipande cha plastiki nyeusi, nene, iliyovunjika. Akatoa na tone la kijivu, dogo kama punje ya hindi, lakini zito. Aliviweka vyote viwili kwenye kiganja akamwonyesha Kija.

Kija alijua mara moja ni mabaki ya betri. Alisema mume wake alikuwa anayeyushia risasi hapo zamani, lakini kazi ile ilikwisha, na takataka zote zilitupwa.

Ndalahwa alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia. Aliangalia chini.

"Zilitupwa wapi, baba?" Adoyo akamwuliza kwa upole. "Mficha uchi hazai. Hapa kuna mtoto mgonjwa."

Ndalahwa alikaa kizingitini. Akaeleza kwa sauti ndogo. Alichimba shimo hapohapo kwenye uwanja. Maganda ya betri alifukia humo. Makapi yaliyoelea juu ya risasi ilipochemka alifukia humo. Maji ya betri, yale makali yanayounguza nguo, alimwaga humo. Hakumwambia mke wake, maana hakuona kama ni jambo la kusemwa.

"Nilijua ardhi inameza kila kitu," alisema. "Kinyesi inameza. Mzoga inameza. Hata sisi itatumeza."

"Inameza vinavyooza," Adoyo alimjibu. "Samadi inaoza, majani yanaoza, vinakuwa mbolea. Risasi haiozi. Ukiifukia leo, mjukuu wako ataikuta."

Kija alipata hasira, lakini alikuwa na swali lililomsumbua zaidi ya hasira.

"Mama, kama udongo ni mbaya, mbona mchicha umekubali?"

Adoyo aling'oa mchicha mmoja, akauweka chini kando ya ule mche wa maharage. Akawaita wote wawili waje karibu.

"Mmea hauna miguu," alisema. "Wewe moshi ukijaa jikoni unatoka nje. Mmea unabaki palepale, unapambana na udongo ulioupata. Na kila mmea una njia yake. Kuna unaozuia mlangoni. Mizizi inakataa kuyapitisha madini, au inayakamata na kuyafungia humohumo mizizini, yasipande juu. Maharage yalijaribu, yakazidiwa. Ona mizizi yake. Ni mifupi, imekuwa ya kahawia. Vile vinyuzi vyembamba vya kunywea maji vimekufa. Unamwagilia kila siku, lakini mdomo wake umeungua. Ndiyo maana jani ni la njano na mche haukui."

Kija aliigusa ile mizizi. Ilikuwa migumu, imevimba kwenye ncha.

"Na huu?"

"Huu ni mvumilivu. Unanywa kilichomo kwenye udongo, na sehemu yake unaipandisha mpaka majanini. Unaihifadhi pembeni, mahali ambapo haiuumizi. Wenyewe hauugui. Lakini anayekula hayo majani ni nani?"

Ndani ya nyumba Paskazia alikuwa amelala kwenye mkeka, saa saba ya mchana.

Adoyo aliendelea taratibu, kama mtu aliyezoea kueleza jambo moja mara nyingi. Alisema yapo madini ambayo mmea unayataka kidogo, kama zinki na shaba. Ni kama chumvi kwenye mboga. Kidogo inahitajika, ikizidi chakula hakiliki. Risasi haitakiwi na mmea hata kidogo, wala na mwili wa mtu. Inamdhuru zaidi mtoto, na zaidi tena mtoto aliye tumboni. Yale maji ya betri nayo yaliufanya udongo kuwa mchachu, na udongo mchachu huyaachia madini kwa urahisi, mizizi ikayanywa.

Kija aliuliza kama kuosha mboga kunasaidia. Adoyo alisema kuosha ni lazima, kwa sababu vumbi lenye risasi hukaa juu ya majani. Lakini kilicho ndani ya jani hakioshwi.

"Nikiupika sana je?"

"Mumeo aliiweka risasi kwenye moto miaka miwili. Iliisha?"

Ndalahwa alitikisa kichwa. Alikuwa wa kwanza kuelewa jibu hilo.

Adoyo alisema hana uhakika bado. Macho yanaweza kukosea, na maharage hudumaa kwa sababu nyingine pia. Kwa hiyo alifanya mambo mawili. Kwanza, alichukua udongo kutoka sehemu tano za bustani, akauchanganya, akaufunga kwenye mfuko safi ili upelekwe kituo cha utafiti wa kilimo upande wa Misungwi. Huko wangeupima. Pili, aliomba makopo matatu. La kwanza alilijaza udongo wa bustani. La pili alilijaza udongo wa bonde la chini, mbali na nyumba. La tatu alilijaza udongo wa bustani, lakini akauchanganya na samadi iliyooza na chokaa ya shamba. Katika kila kopo akapanda mbegu nne za maharage. Akawaambia wayamwagilie sawasawa.

Kabla hajaondoka, aliwapa amri moja. Mchicha wa pale usiliwe tena na mtu wala mbuzi, mpaka majibu yatoke.

"Sasa tutakula nini?" Kija aliuliza. Sauti yake haikuwa ya ukali. Ilikuwa ya mtu anayeuliza kwa kweli.

"Sijui, mwanangu," Adoyo alisema. Alikuwa anafunga kamba za viatu. "Najua tu msile huu."

Siku kumi na mbili zilizofuata zilikuwa ndefu. Walikula ugali kwa dagaa, na siku nyingine michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, iliyotumwa na bibi kutoka Misungwi. Kija hakumwagilia bustani. Mchicha haukujali, mvua ndogo ilinyesha, ukazidi kupendeza.

Evelina alikuja jioni ya kwanza na bakuli lake. Kija akamwambia mchicha haujawa tayari. Jioni ya pili akamwambia ameuuza wote. Jioni ya tatu hakutoka nje, akamtuma Ndalahwa aseme hayupo. Nadhani unamwelewa. Alijiambia kwamba bibi shamba mwenyewe hana uhakika, kwa nini amtie hofu mwenye mimba bure? Hayo ndiyo aliyojiambia. Lakini ndani yake aliogopa jambo jingine. Aliogopa kuitwa mwanamke aliyewalisha majirani sumu.

Evelina hakuwa kipofu. Mchicha alikuwa anauona juu ya ukuta. Akaanza kusema kwa watu kwamba Mama Paskazia amekuwa na choyo.

Siku ya kumi na mbili Adoyo alirudi. Waliyapasua makopo matatu kwenye kivuli cha nyumba. Katika kopo la udongo wa bonde, maharage yalikuwa marefu, na mizizi yake myeupe ilikuwa imejaa vinyuzi. Katika kopo la udongo wa bustani, mbegu mbili zilikuwa zimekufa na mbili zimedumaa. Katika kopo lenye samadi na chokaa, maharage yalikuwa afadhali, lakini hayakuyafikia yale ya bonde.

Kija alilishika hilo kopo la tatu kwa matumaini. Adoyo akaliona tumaini hilo, akalikata mapema. Alieleza kwamba samadi na chokaa huyashika madini yasinyweke sana. Mmea unapata nafuu. Risasi yenyewe bado imo. Kwa hiyo dawa hiyo ni ya kuutuliza udongo, si ya kuurudisha mezani.

Kisha akatoa karatasi kwenye mkoba. Majibu ya kituo yalikuwa yametoka. Risasi ilikuwa nyingi mno, kupita kiasi cha shamba la chakula. Zinki nayo ilikuwa imezidi.

"Nani mwingine amekula?" Adoyo aliuliza.

Kija alitaja majina. Alitaja jirani wa mbele, mke wa Shimba, watu wa njia panda. Jina la Evelina alilitaja mwisho.

Adoyo alimtazama. "Yule mwenye mimba?"

"Yule."

"Anajua?"

Kija alitikisa kichwa. Adoyo hakumgombeza. Alisema tu kwamba yeye anaweza kwenda kuwaambia watu hao kwa niaba ya ofisi, ni kazi yake. Kija alifikiri. Kisha akasema atakwenda mwenyewe.

Alimkuta Evelina mbele ya cherehani, akishona sare za shule. Evelina alimwamkia kwa baridi, bila kuacha kukanyaga. Kija alikaa kwenye benchi. Akaeleza yote kwa mpangilio: betri, shimo, maharage, mchicha, makopo, karatasi. Cherehani ilisimama alipofika kwenye mchicha.

"Umejua tangu lini?" Evelina aliuliza.

"Kwa karatasi, leo. Kwa kuambiwa, siku kumi na mbili."

"Kwa hiyo ulipokuwa unaniambia umeisha, ulijua."

"Niliambiwa labda."

"Na mimi nimekula mwezi wa tano sasa, dada. Kila siku. Nilikuwa nachagua uliostawi."

Kija alisema naye alikuwa anampa mwanawe uliostawi. Hakulisema kwa kujitetea, lilitoka tu. Evelina aliweka mkono juu ya tumbo lake. Akamwomba Kija aondoke. Kija akaondoka. Siku hiyo alizunguka nyumba saba. Wengine walimshukuru. Mmoja alimfungia mlango. Mke wa Shimba alisema kikulacho ki nguoni mwako, akalisema mbele ya watu. Kija alikubali, kwa sababu lilikuwa kweli.

Kesho yake alimpeleka Paskazia zahanati na ile karatasi mkononi. Evelina naye aliitwa. Mganga alisoma, akakuna kichwa. Alisema kipimo cha risasi kwenye damu hakipatikani hapo. Lakini dalili za mtoto zinalingana. Alisema dawa ya kwanza ni kuacha kuila, maana mwili wenyewe hujisafisha polepole kwa kiasi fulani. Ya pili ni maziwa, dagaa, maharage, mayai yakipatikana, na matunda. Mwili wenye njaa ya vyakula hivyo hupokea risasi kwa wingi zaidi. Ya tatu ni kunawa mikono kabla ya kula, kwa sababu watoto wanaichezea ile ardhi na kujilamba. Hakuwaahidi kwamba yote yatarudi kama zamani. Alisema watoto wengi hupata nafuu, akamwandikia Paskazia arudi kila mwezi. Evelina akaandikiwa vidonge vya kuongeza damu.

Kazi ya bustani waliifanya mke na mume kwa siku nne. Waling'oa mchicha wote. Hawakuuchoma, kwa sababu Adoyo alisema moshi na jivu vitaieneza risasi. Hawakuutia kwenye mbolea wala hawakumpa mbuzi. Waliurudisha kwenye lile shimo na kulifunika. Wakatandaza chokaa na samadi juu ya uwanja wote, wakaleta udongo safi kutoka mbali, wakapanda nyasi ili vumbi lisipeperuke. Wakazungusha michongoma ili watoto na mifugo wasiingie. Kila jioni walivua viatu nje ya nyumba. Ndalahwa alibeba udongo huo kwa karai, mpaka mabega yakachubuka. Kija hakumsemesha siku mbili za kwanza. Siku ya tatu alimpelekea maji ya kunywa.

Baadaye Ndalahwa alishuka mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, kuwatafuta wenzake wanaoyeyusha betri. Aliwaambia wasifanye kazi ile uani, na makapi wasiyafukie. Wawili walimcheka. Mmoja, Ngosha, alikwenda nyumbani kutazama alipopanda matembele, akayang'oa siku hiyohiyo. Ndalahwa mwenyewe sasa anafunga nyavu za watu kwa vipande vya mawe. Si vizuri kama risasi, lakini wavu unazama.

Bustani mpya waliipata bondeni. Mzee Masalu, mwenye ng'ombe, aliwaazima kipande kando ya matete. Safari hii Kija alipeleka udongo kwa Adoyo kabla ya kushika jembe. Ukapimwa. Akapanda maharage kwanza, yakatoa maua. Kutoka nyumbani mpaka bondeni ni mbali, na njia ya kurudi ni ya kupanda. Uchovu wa Kija haukupungua. Lakini baada ya miezi mitatu tumbo la Paskazia lilitulia. Baada ya miezi mitano alionekana anaruka kamba shuleni. Masomo yake bado yako nyuma. Mwalimu amemhamishia dawati la mbele, anamrudia pale anaposahau.

Evelina alijifungua mtoto wa kike. Watu walisema ni mdogo, lakini ananyonya vizuri. Kija alipeleka sabuni na uji, vikapokelewa na mama mkwe. Evelina mwenyewe hakutoka.

Ilipita miezi miwili. Jioni moja Kija alikuwa anapalilia bondeni, akaona mtu anashuka taratibu kwenye njia ya matete. Alikuwa Evelina, mtoto mgongoni. Alisimama kwenye ukingo wa tuta. Mchicha ulikuwa pale mbele yake, mbichi, mpana. Hakuutazama mchicha. Aliitazama ardhi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Evelina."

"Hapa zamani palikuwa na nini?"

Kija aliweka jembe chini. Akamwambia anachokijua. Palikuwa na matete, na ng'ombe wa Mzee Masalu walikuwa wanalala hapa wakati wa kiangazi. Habari za kabla ya hapo alimwuliza mzee, naye akasema hakumbuki gereji wala karakana. Udongo umepimwa, karatasi iko kwa bibi shamba. Zaidi ya hayo hajui, na hawezi kumwambia asilolijua.

Evelina alisikiliza mpaka mwisho. Mtoto alilia kidogo mgongoni, akamzungusha mbele, akamnyonyesha akiwa amesimama. Alimtazama mwanawe anavyovuta.

"Chuma fungu moja," akasema. "Bado ninanyonyesha."